Betri mpya ya taa ya baiskeli: mAh iwe swali la mwisho

Ukitafuta betri ya kubadilisha kwenye taa ya baiskeli, namba ya kwanza kukupigia kelele ni mAh, yaani miliampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba: 2,600, 3,500, 5,000, hata 9,900. Huwa imeandikwa kubwa kuliko jina la kampuni, na wanunuzi wengi huamua kwa kuitazama hiyo peke yake. Mimi ningeipeleka mwisho wa foleni. Mbele yake yapo maswali ya umbo, volti, ulinzi na ampea, na ukikosea hata moja kati ya hayo, betri yenye mAh nyingi kuliko zote ama haitaingia, ama itaingia na isiwashe, ama itaunguza taa, ama itapata moto kwenye chaja wewe ukiwa umelala.

Kabla ya hayo yote, hakikisha kilichokufa ni betri kweli. Taa ya baiskeli inatikiswa na mashimo kila siku, na springi iliyolegea au ncha iliyoshika kutu huleta dalili zilezile za betri chakavu: taa inapepesa, inazima ukiruka tuta, inagoma kuwaka kwa mwanga wa juu. Futa ncha kwa kitambaa chenye spiriti, vuta springi kidogo, ujaribu tena. Kama una multimita, chaji betri ijae, itoe, iache ipumzike saa moja, kisha upime. Iliyo nzima itaonyesha volti 4.15 hivi au zaidi. Iweke siku mbili bila kuitumia, upime mara ya pili. Ikiwa imeshuka chini ya 4.0, umeme unavuja ndani kwa ndani, na betri ya namna hiyo hairudi kwenye taa. Ikiwa imeshika volti vizuri ila taa inadumu nusu tu ya muda wa zamani, huo ni uzee wa kawaida. Betri nyingi za lithiamu hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500, na huzeeka hata zikiwa zimelala kabatini.

Umbo, na mitego yake

Taa ambazo betri yake hutoka kwa mkono, zile zenye umbo la tochi, nyingi hutumia seli ya mviringo iitwayo 18650. Jina hilo ni vipimo: 18 ni kipenyo kwa milimita, 65 ni urefu, na sifuri ya mwisho inaeleza kwamba seli ni ya mviringo. Ukishajua hivyo, ndugu zake wanasomeka wenyewe. 21700 ina kipenyo cha milimita 21 na urefu wa 70, 26650 ni nene zaidi, na 14500 na 16340 ni za taa ndogo.

Hizo mbili za mwisho zinahitaji tahadhari. 14500 ina umbo lilelile la betri ya kawaida ya AA, na inateleza ndani ya taa ya AA bila shida yoyote. Lakini AA ina volti 1.5, na 14500 iliyojaa ina 4.2. Taa iliyotengenezwa kwa AA tatu inategemea volti 4.5, na ukiitia 14500 tatu unaipa 12.6. Itawaka kwa fahari sekunde chache, halafu ndio basi. Vivyo hivyo 16340 inafanana na CR123A, ambayo ni lithiamu pia lakini ya volti 3 na ya kutumia mara moja. Ukiiweka CR123A kwenye chaja umetafuta moto. Neno "lithiamu" peke yake kwenye lebo halimaanishi kwamba betri inachajika.

Halafu kuna suala la urefu. Seli mbili zinaweza kuandikwa 18650 zote, moja ikawa na milimita 65 na nyingine karibu 70. Iliyo ndefu imefungiwa saketi ya ulinzi, na pengine imeongezewa kinundu kwenye ncha chanya. Ipitishe kidole ubavuni. Chini ya ganda la plastiki utahisi mstari mwembamba ulioinuka, ukitoka juu kwenda chini. Huo ni utepe wa chuma unaopeleka umeme wa ncha chanya hadi kwenye kibao kidogo cha duara kilichobandikwa kwenye kitako. Kibao hicho ndicho kinachoongeza urefu, na ndicho kinachokata umeme mambo yakiharibika.

Seli ndefu kwenye taa iliyobuniwa kwa fupi itazuia kifuniko kufunga, au itafunga kwa kubana hadi kibao kile kipondeke. Seli fupi yenye kichwa bapa kwenye taa inayotaka kinundu haitagusa kabisa, au itagusa ukiwa umesimama na kuachia ukianza kutikisika. Wapo wanaoziba pengo hilo kwa kipande cha sumaku. Usifanye hivyo. Sumaku ikihama kwa mtikisiko inaweza kugusa ukingo wa juu wa seli, na ukingo huo ni hasi, maana kopo zima la chuma ni ncha hasi, kuanzia kitako hadi milimita chache kutoka ncha chanya. Kinachotenganisha chanya na hasi pale juu ni kipete chembamba na ganda la plastiki tu. Kwa sababu hiyohiyo, ganda likichanika upande wa juu, seli hiyo imeshakuwa shoti inayosubiri kutokea. Pima urefu wa betri ya zamani kwa rula, angalia kichwa chake, tafuta inayofanana.

Volti: majina mengi ya kitu kimoja

Wengi huchanganyikiwa hapa bila sababu. Taa imeandikwa 3.7 V, betri sokoni imeandikwa 3.6 V, chaja imeandikwa 4.2 V. Zote tatu ni za seli ileile. Seli ya lithiamu-ioni huanza kwenye 4.2 ikiwa imejaa, hushuka taratibu, na huhesabiwa imeisha ikifika kati ya 3.0 na 2.5. Namba ya 3.6 au 3.7 ni wastani wa safari hiyo, na kila kiwanda kimechagua wastani wake.

Taa kubwa zenye pakiti ya nje inayofungwa kwenye fremu zina hadithi ileile mara mbili. Utaona 7.2 V, 7.4 V na 8.4 V, na zote ni seli mbili zilizounganishwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine: mbili za kwanza ni wastani, ya tatu ni kipimo cha kujaa. Pakiti ya 8.4 V haina nguvu kuliko ya 7.4 V. Ya 11.1 au 12.6 ni nyingine kabisa, ina seli tatu kwenye mfululizo, na inaweza kuua taa ya seli mbili papo hapo. Usidanganyike na plagi kuingia vizuri, kwa sababu plagi ya duara ya aina moja hutumika kwenye pakiti za volti tofauti. Na hata volti zikilingana, pima kwanza upande upi wa plagi ni chanya.

Tofauti inayostahili kukusumbua ni ya kemia. Ukiona 3.2 V, hiyo ni lithiamu-chuma-fosfeti, ambayo hujaa kwenye 3.65. Ni betri imara na yenye usalama mkubwa, lakini ukiitia kwenye taa au chaja inayosukuma hadi 4.2 utaijaza kupita kiasi, na taa yenyewe itaona kama betri inakaribia kuisha hata ikiwa imejaa. Zipo pia zenye 3.8 V, ambazo hujazwa hadi 4.35. Chaja ya 4.2 haizidhuru, haizijazi tu. Kosa la kinyume, yaani betri ya 4.2 kwenye chaja ya 4.35, ndilo la hatari.

Nani analinda betri?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko yote, na mimi naliona zito kuliko yote. Lithiamu-ioni haivumilii kupitiliza, juu wala chini. Ikijazwa kupita kipimo inapata joto na inaweza kuwaka moto. Ikinyonywa chini sana, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka na kuingia kwenye kimiminika, na ukija kuichaji, shaba hiyo hujijenga upya mahali pasipostahili na kuleta shoti ndani ya seli. Ndiyo maana betri uliyoisahau kwenye taa miezi mingi, ukaikuta na volti 1.5, haifai "kufufuliwa", hata kama zipo chaja zinazojisifu kwamba zinaweza.

Lazima basi pawe na mlinzi, na anaweza kukaa sehemu tatu: ndani ya taa, ndani ya chaja, au kwenye kitako cha seli yenyewe. Taa nzuri hupima volti, hupunguza mwanga betri ikikaribia kuisha, kisha huzima. Taa ya bei ya chini huendelea kunyonya mpaka LED ishindwe kuwaka. Kama hujui yako iko kundi gani, angalia betri iliyokuja nayo. Ilikuwa na kibao cha ulinzi? Nunua yenye kibao. Haikuwa nacho na taa huonya kabla ya kuzima? Ya kawaida inatosha. Ukibaki na shaka na nafasi ipo, chukua yenye ulinzi.

Ila mlinzi wa kwenye seli ana tabia moja unayopaswa kuijua: hakonyezi. Volti ikifika kikomo chake, au taa ikivuta mkondo unaozidi kiwango chake, anakata, na unabaki gizani kwa ghafla. Kwa tochi ya nyumbani hilo ni usumbufu. Kwa mtu anayeteremka mlima kwa kilomita 40 kwa saa ni jambo lingine. Taa ndogo ya pili kwenye usukani, hata yenye mwanga hafifu, ni bima ya kutosha.

Ampea

Hapa sitakaa sana. Taa ya lumeni 1,000 hula wati 8 hadi 10. Gawanya 10 kwa 3.6, unapata ampea 2.8, ongeza upotevu wa saketi, na kumbuka kwamba volti zikishuka mkondo hupanda ili wati zibaki zilezile, na utafika 3.5 hivi. Seli halisi ya 3,500 mAh kutoka kiwanda kinachoheshimika hutoa ampea 8 au 10 bila kulalamika. Kwa taa ya LED moja, huna haja ya zile seli za ampea 20 au 30 zinazotengenezewa mashine za kutobolea na sigara za umeme. Nguvu hiyo inalipiwa kwa uwezo: seli za aina hiyo huwa na 2,500 au 3,000 mAh, kwa hiyo unanunua msukumo usiouhitaji na kupoteza dakika za mwanga. Hoja hubadilika tu pale taa ina LED tatu au nne zinazotegemea seli moja.

Sasa mAh

Tangu Sony ilipoingiza betri za lithiamu-ioni sokoni mwaka 1991, wahandisi wamekuwa wakipigania kila tone la uwezo ndani ya kopo lilelile. Leo 18650 bora za kawaida zimefika 3,500 mAh hivi, na 21700 ziko karibu 5,000, chache zikipita kidogo. Kwa hiyo 18650 yenye maandishi 6,000 au 9,900 haijatiwa chumvi kidogo, namba imetungwa. Ukiifungua unaweza kukuta seli iliyochomolewa kwenye kompyuta ya zamani na kuvishwa ganda jipya, au seli ndogo ndani ya kopo kubwa.

Mzani wa jikoni husaidia. 18650 halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na 21700 karibu 70. Ikiwa nyepesi kwa tofauti kubwa, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mzani lakini haukamati kila mwongo, maana seli chakavu ina uzito uleule wa mpya. Dawa yake ni chaja yenye uwezo wa kupima: inaijaza betri, inaimaliza huku ikihesabu, inakupa mAh halisi. Ipime betri mara tu inapofika, ungali na nafasi ya kuirudisha.

Watengenezaji wakubwa wa seli hizi wanahesabika: Panasonic, ambayo iliimeza Sanyo, Samsung SDI, LG, Murata, iliyochukua biashara ya betri ya Sony mwaka 2017, na Molicel. Majina mengi mengine unayoyaona ni ya kampuni zinazonunua seli na kuzivisha ganda lao. Si wizi huo. Wengine huongeza kibao kizuri cha ulinzi na kusema wazi seli ya ndani ni ya nani na ya namba gani. Anayeficha ndiye wa kumtilia shaka. Jua pia kwamba viwanda hivi vikubwa huuza kwa watengenezaji wa pakiti, na havikusudii seli tupu ifike mkononi mwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo ile unayoinunua imepita mikono kadhaa. Muuzaji anayejulikana kwa betri ana thamani kuliko punguzo la bei.

Kwenye pakiti udanganyifu ni wa hesabu. Pakiti ya kawaida ya volti 7.4 ina seli nne: jozi mbili sambamba, zikafungwa kwa mfululizo. Seli zikiwa sambamba mAh hujumlishwa, na zikiwa kwenye mfululizo volti ndizo hujumlishwa, mAh zikabaki palepale. Nne za 3,500 hutoa 7,000 mAh kwa volti 7.2, basi. Muuzaji anayeandika 12,000 au 14,000 amejumlisha zote nne kisha akaacha volti zilezile za juu, yaani amehesabu mara mbili. Kutaja mAh bila volti ni kama kutaja idadi ya ndoo bila kusema ndoo zina ukubwa gani. Tumia wati-saa: volti za wastani mara ampea-saa (Ah, yaani mAh ukizigawanya kwa 1,000). Seli moja ya 3.6 V na 3.5 Ah ina wati-saa 12.6, na nne zina 50 kwa namna yoyote utakayoziunganisha. Gawanya kwa wati za taa, punguza asilimia 10 hadi 15 ya upotevu, na umepata saa. Taa ya wati 15 kwenye pakiti hiyo itaenda saa tatu pungufu kidogo ikiwa mpya. Kwenye baridi kali toa tena.

Kubadilisha seli moja iliyokufa ndani ya pakiti, usihangaike. Seli za pakiti zinatakiwa ziwe za umri mmoja na uwezo mmoja, na huunganishwa kwa mashine ya kuchomea utepe wa nikeli, kwa sababu joto la solda huidhuru seli. Nunua pakiti nzima.

Taa ndogo zilizofungwa

Vitaa vya nyuma na vile vidogo vya mbele vinavyochajiwa kwa USB havina seli ya mviringo. Ndani mna kifuko bapa cha rangi ya fedha, chenye namba kama 602030. Isome hivi: unene milimita 6.0, upana 20, urefu 30. Chagua ileile au nyembamba kidogo, kwa sababu vifuko huvimba kidogo vinapozeeka na vinahitaji nafasi. Ikiwa cha zamani kimefura kama mto, usikibonyeze wala kukitoboa ili kitoke.

Unapofungua kifuniko utaona waya mwekundu na mweusi zikiingia kwenye kiplagi cheupe. Kiplagi cha betri mpya kinaweza kuwa cha ukubwa uleule, kikaingia na kulia "tik" vizuri kabisa, huku nyaya zikiwa zimebadilishana pande. Hakuna kanuni inayowalazimisha watengenezaji kukubaliana upande wa chanya, na saketi ya taa inaungua kwa mguso mmoja. Linganisha rangi, kisha upime kwa multimita kabla ya kuchomeka. Ukikuta waya wa tatu, huo ni wa kipima joto, na betri mpya nayo lazima iwe nao, la sivyo taa inaweza kukataa kuchaji.

Uwezo hapa una sheria yake. Mkondo wa kuchaji umepangwa ndani ya taa, na betri haiwezi kuubadilisha. Ukiweka kubwa kidogo, itachelewa tu kujaa. Ukiweka ndogo, taa iliyozoea kusukuma ampea 0.5 kwenye betri ya 800 mAh itasukuma mkondo huohuo kwenye ya 300, na hiyo itapata moto na kufa mapema. Na ukweli usemwe: taa nyingi za aina hii zimegundishwa, na ukishaifungua kizuizi cha maji hakirudi kilivyokuwa. Kama ni kitaa cha bei ndogo, sioni faida ya kuhangaika nacho.

Betri mpya ikishapatikana, usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, kwa sababu lithiamu huganda juu ya tabaka la hasi lililo ndani ya seli badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo hayafutiki. Ukitoka kwenye baridi, iache ipate joto la chumba kwanza. Ukiweka baiskeli kwa msimu mzima, acha betri ikiwa nusu, nje ya taa. Ya akiba ibebe kwenye kikasha cha plastiki, isikae mfukoni pamoja na funguo. Ukisafiri kwa ndege iwe kwenye mzigo wa mkononi, na pakiti iliyo chini ya wati-saa 100 kwa kawaida huruhusiwa. Ya zamani zibe ncha zake kwa utepe na uipeleke panapokusanywa taka za umeme, kwa maana hata ikishindwa kuwasha taa, bado ina umeme wa kutosha kuwasha moto ndani ya gari la taka.